Mchezo wa Kunyamaza

3 Machi

Muuguzi anayepita mtaani kwetu ameniagiza niwe naandika kila siku mke wangu amekula nini na dawa amemeza saa ngapi, maana kichwa changu siku hizi kinavuja kuliko paa. Hilo la paa nimeliongeza mimi. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanzia nyuma. Uji, nusu kikombe. Dawa asubuhi na jioni. Mvua imeanza.

4 Machi

Uji. Dawa. Mvua.

6 Machi

Binti yetu amekuja na mwanawe wa miaka saba. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Shule yao imeingia maji, imefungwa, na mama yake yuko zamu ya usiku kiwandani, hana wa kumwachia. Atakaa kwetu mpaka mvua ziishe. Kabla hata hajavua viatu alishauliza kwa nini bibi hainuki, kwa nini chumba kinanuka dawa, na kwa nini paka wa jirani ana jicho moja. Nikamjibu la paka.

Uani binti yetu alinishika mkono. Hospitali walishatuambia hakuna tena la kufanya, tukae na mgonjwa nyumbani, tumpunguzie maumivu. Sisi wakubwa tunajua. Mtoto hajui.

"Baba, mwambie wewe. Mimi nikianza nitalia tu, nitamtisha."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Wiki hii."

Mke wangu alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Ugonjwa umemla mwili, masikio umemwachia. Binti yetu alipoondoka, aliniita. Akasema angeweza kumwambia mtoto yeye mwenyewe, ila kuanzia hapo kila akifumba macho mtoto atadhani anaagwa. "Halafu mimi nikiondoka, atabaki kuja kwako, Fundi. Neno hilo alisikie kwako, ajue wewe ni mtu wa kuulizwa." Ananiita Fundi kama wateja, na akiniita hivyo najua ni agizo. Nikasema sawa. Uji, vijiko vichache.

7 Machi

Sikumwambia. Nilimpa kopo la vifungo avipange kwa rangi, kazi iliyotosha asubuhi nzima bila gharama yoyote. Kisha nikachukua kifungo kikubwa cha koti, nikapitisha uzi kwenye matundu mawili, nikamwonyesha namna ya kuuvuta na kuulegeza mpaka kifungo kizunguke na kuvuma. Alikwenda kumvumishia bibi yake sikioni. Nilisikia mke wangu akicheka, halafu akikohoa.

Jioni akaniuliza, "Umemwambia?"

"Kesho."

9 Machi

Mvua mchana kutwa. Tulikunja mashua kwa karatasi za vipande vya zamani, zile za kukatia mashati ya watu ambao sasa hata vifungo haviwafungi. Tukaziachia kwenye mfereji mbele ya baraza. Bibi alikuwa refa, ameegemezwa mito dirishani. Mashua yake ilizama kabla ya kufika kwa jirani yetu mwuza mayai. Akasema refa haonewi, irudiwe. Tukarudia, ikazama tena.

"Umemwambia?"

"Alikuwa anacheza. Ningemkatizaje?"

Alinitazama tu, na mimi nikaenda kutazama paa.

12 Machi

Uji ameurudisha. Muuguzi ameongeza dawa ya maumivu. Nguo hazikauki. Sikumwambia.

13 Machi

Leo Chiriku aliongea tangu alipoamka. Mke wangu alikuwa na maumivu na kila swali lilimpiga kama kokoto kwenye bati, lakini hataki mtoto atolewe chumbani. Ndipo nikabuni mchezo. Tunakaa sote watatu, tunanyamaza, na atakayesema kwanza ndiye ataosha vyombo vya siku hiyo. Kucheka ni kusema. Kukohoa kunasamehewa.

Chiriku alishindwa hapo hapo, alitaka kuuliza kama kupiga chafya kunahesabiwa. Akaosha vyombo amesimama juu ya kigoda. Tuliporudia, akashindwa bibi. Vyombo vyake niliviosha mimi, ila mtoto alidai iandikwe kwamba ameshindwa, kwa hiyo naandika.

Mimi sikushindwa. Nakaa na kazi yangu, pini zimejaa mdomoni, siku inapita.

"Usishindane na babu yako," mke wangu alimwambia. "Huyo mazoezi ameyafanya ndoa nzima."

14 Machi

Kunyamaza. Nimeshinda. Mvua.

15 Machi

Kunyamaza. Nimeshinda. Uji, nusu kikombe. Muuguzi aliingia akatukuta tumekaa kama picha ukutani, akadhani jambo limeshatokea. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa. Kisha alinivuta mlangoni akaniuliza, "Mtoto anajua?" Hata yeye.

18 Machi

Chiriku ametaka kuwa fundi. Nikamvalisha futi shingoni, nikamwambia apime mtu yeyote, atamke kwa sauti, mimi niandike. Alipima mguu wa meza. Alimpima paka, akakwaruzwa. Akanipima mimi tumbo, akatangaza mpaka kwa jirani. Kisha akaingia kwa bibi.

Mke wangu alijikaza, akaketi. Nilikuwa barazani na daftari, nikisikia sauti tu. Bega. Kifua. Kiuno. Alipotaja kiuno nikamwambia amesoma upande usio wake, futi lina pande mbili, apime upya. Akapima, akataja namba ile ile. Nikaingia kumwonyesha inavyofanywa. Nikazungusha futi kwa mikono yangu mwenyewe, na mtoto alikuwa amesoma sawa.

Vipimo vya mke wangu vya zamani ninavyo mbele ya daftari hili hili, vya gauni nililomshonea kwa harusi ya ndugu yake. Sikuvifungua. Mke wangu alikuwa ananitazama usoni, mtoto naye ananitazama usoni.

"Babu, bibi amepungua?"

Hapo ndipo pa kusema. Mtoto alikuwa ameufungua mlango mwenyewe, nilichotakiwa ni kuingia tu. Nikasema futi likilowa hurefuka.

Mke wangu aligeukia ukuta. Baadaye, mtoto akiwa uani, alisema hana hasira, amechoka tu. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

20 Machi

Binti yetu alikuja, amevimba macho kwa kukosa usingizi. Aliuliza swali lile lile kwa nyusi tu. Nikatikisa kichwa. Akaondoka na nguo chafu za mama yake akazifue kwake.

22 Machi

Tumepanda haragwe kwenye kopo la maziwa, juu ya pamba, tukaliweka dirishani ili bibi alione. Chiriku analimwagilia kila anapolikumbuka, na analikumbuka sana.

26 Machi

Haragwe limeoza. Nililiona asubuhi kabla mtoto hajaamka, limelainika na kunuka. Nikalitupa, nikaweka jingine, nikalichimbia kwenye pamba vile vile. Mke wangu nilidhani amelala.

"Hata haragwe," akasema. "Hata haragwe huwezi kumwambia limekufa."

Nikamwambia mtoto ana miaka saba. Akasema yeye alimzika mama yake ana sita, na watu wazima walimwambia mama amekwenda sokoni, na akawa anakaa njiani kila jioni kusubiri kikapu. Alisema hivyo kwa upole, kama anayenieleza bei ya kitambaa. Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Tumelala kitanda kimoja maisha yetu yote na sikuwahi kulisikia.

Nimepiga moyo konde. Kesho.

27 Machi

Nilimwita barazani. Nikamketisha kwenye kigoda. Nikasema, "Chiriku, sikiliza." Akasikiliza, jambo ambalo si kawaida yake, mikono juu ya magoti. Nikamfundisha kutunga uzi kwenye sindano macho yakiwa yamefumbwa.

Anaweza sasa. Ana vidole vyepesi.

29 Machi

Mke wangu hataki tena mashine yangu ya kushonea iwe mbali na dirisha. Zamani kelele zake zilimchosha. Sasa anasema, "Isogeze nisikie. Ikinyamaza najua unafikiri, na ukifikiri unaharibu." Uji, kijiko kimoja. Mvua imeangusha ukuta wa choo cha mwuza mayai. Hakuuliza kama nimemwambia. Ni mara ya kwanza hajauliza.

30 Machi

Hakuuliza.

1 Aprili

Hakuuliza. Nilijikuta nangoja aniulize.

3 Aprili

Jana sikuandika. Naandika sasa, watu wamejaa ndani, nami nimekimbilia barazani kwenye mashine kana kwamba nina mteja.

Jana asubuhi alikataa uji. Niliuacha kwenye kikombe chake cha bluu, kile kilichomeguka ukingo, nikakiweka dirishani kando ya kopo la haragwe, kwamba akitaka baadaye. Mchana mvua ilikuwa nzito. Nilikuwa na kaptula za shule za kumalizia mifuko. Chiriku alikuja akasema anakwenda kucheza kunyamaza na bibi, na mimi nisiingie, kwa sababu huwa nashinda. Nikasema haya.

Nilishona. Wakati fulani niliwasikia wananong'ona, mke wangu kwa muda mrefu, mtoto neno moja moja, nikasema moyoni hawa wanaibiana mchezo. Baadaye kukawa kimya. Nilikifurahia kimya kile. Nilishona mifuko yote, nikakata nyuzi zote, nikakunja kaptula zote.

Nilipoingia, Chiriku alikuwa ameketi kitandani, ameshika kidole kimoja cha bibi yake, midomo ameibana. Macho ya mke wangu yalikuwa nusu wazi, yanaelekea dirishani, upande wa mashine. Niligusa mkono wake. Nimeshika kitambaa cha aina zote katika maisha yangu na sijawahi kushika kitu kilicho mbali na mimi kama mkono ule.

Mtoto alinitazama. Alikuwa anangoja. Nililiona hilo, kwamba anangoja kitu kutoka kwangu, nikadhani anangoja ruhusa.

"Bibi amepumzika," nikamwambia. "Nenda kwa mama mwuza mayai."

Akashuka kitandani, akaenda. Hakusema kitu.

4 Aprili

Tumezika. Mvua ilikatika kidogo, tukamaliza, ikarudi. Watu wamemwambia mtoto kwamba bibi amesafiri. Mwingine kamwambia ametangulia. Mwingine kamwambia bibi anatuona. Yeye alikuwa anageuza shingo kumtazama kila anayesema, kisha ananigeukia mimi.

6 Aprili

Chiriku hasemi. Siyo kwamba analia. Anakula, analala, anapanga vifungo, anaenda uani. Ila hasemi. Ukimwuliza jambo anatikisa kichwa au anakubali kwa kichwa.

7 Aprili

Hasemi.

9 Aprili

Hasemi. Nilimvumishia kifungo, nikamkunjia mashua. Alitia mashua mferejini bila kuitazama inakokwenda. Mama mwuza mayai anakuja kutuoshea vyombo, Mungu ambariki, ni mtu ambaye zamani nilikuwa namwona mbea tu. Leo alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha bluu. Nilimfokea. Aliuondoa mkono taratibu, akasema hakujua.

Uji umekauka ndani yake. Najua. Siwezi.

12 Aprili

Muuguzi alikuja, ingawa hana mgonjwa tena hapa. Alimwangalia mtoto koo, masikio, macho. Hana tatizo. "Ni mshtuko," alisema. "Alikuwepo peke yake. Mpe muda." Aliliona daftari hili juu ya mashine akaniuliza naandika nini siku hizi. Nikasema mvua.

13 Aprili

Mvua.

16 Aprili

Binti yetu ameujua ule mchezo. Kaambiwa na muuguzi, aliyedhani anasimulia jambo la kuchekesha.

"Baba, mchezo gani huo? Unamfundisha mtoto kufunga mdomo mbele ya mtu anayekufa?"

"Mama yako alikuwa anahitaji utulivu."

"Mama alikuwa anahitaji umwambie mtoto." Alisimama katikati ya chumba, kanga ya marehemu mkononi, akiikunja na kuikunjua. "Nilikuomba jambo moja. Moja tu. Ukamfundisha vifungo."

Chiriku alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Nikasubiri alie, au aseme. Alinitazama mimi kwa yale macho ya kungoja.

Binti yetu amesema shule ikifunguliwa atakuja kumchukua, na atampeleka kwa daktari mkubwa mjini. Na likizo nyingine atatafuta mtu wa kumwachia. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyekwishapiga hesabu yake. Hakuna cha kumlaumu. Nilikuwa nasema huyu mtoto wangu ana haraka na mambo. Sasa naona mwenye kuchelewa alikuwa nani.

19 Aprili

Mvua kidogo. Haragwe limechipua. La pili.

23 Aprili

Jua asubuhi nzima. Mtaa mzima umeanika magodoro. Shule itafunguliwa Jumatatu.

25 Aprili

Binti yetu amekuja mapema. Alikuwa chumbani anafunga mkoba wa mtoto, na mimi barazani na sare ya shule ya Chiriku, napinda ukingo. Mtoto alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, anatunga sindano macho yamefumbwa. Anatunga, anatungua, anatunga.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kimto cha pini. Moja ikanichoma mimi. Nikafikiri, akiondoka leo hivi, ataondoka akijua kwamba babu yake ni mtu asiyeulizika. Ndilo pekee mke wangu aliloniomba nilizuie.

"Chiriku," nikasema. "Bibi yako amekufa."

Akafumbua macho.

"Hajasafiri, na hatarudi. Alikuwa mgonjwa wa kufa tangu siku ile ulipokuja, na mimi nilijua, na niliogopa kukwambia. Futi halirefuki likilowa. Alikuwa amepungua. Na lile haragwe lako liliharibika, hilo la dirishani niliweka mimi."

Nilikuwa nalia, naandika wazi, pua na yote. Mtoto aliweka sindano chini. Sauti ilipotoka ilikuwa imekwaruza, kama bawaba isiyofunguliwa msimu mzima.

"Umeshindwa, Babu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Umesema kwanza. Umeshindwa." Halafu yakaja yote, kwa pupa, kama zamani. Kwamba siku ile bibi alimwambia anakufa, labda leo, labda kesho. Kwamba haitaumiza sana, atanyamaza tu. Kwamba babu analijua hilo ila limemkwama, amsubiri alitoe mwenyewe, asimsaidie. "Akasema tucheze, mimi na wewe, na atakayelisema kwanza ataosha vyombo. Akasema lazima nikushinde. Akasema ikichukua muda nivumilie, wewe ni mgumu."

"Lakini Chiriku, hukusema kitu chochote. Kwa mtu yeyote."

Akakunja uso. "Sikukumbuka kama alisema nisiseme hilo tu, au nisiseme kabisa. Na wa kumwuliza hayupo. Nikanyamaza kabisa."

Nyuma yetu binti yetu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba. Sijui alianza kusikia wapi. Alikaa chini pale pale kizingitini.

"Na la haragwe nilijua," mtoto akaendelea. "La kwanza lilikuwa na doa. Babu, nenda ukaoshe."

Nilikwenda. Mama mwuza mayai alikuwa hajapita leo, sufuria zilikuwa zimejaa. Niliosha sufuria, sahani, vijiko. Chiriku alisimama pembeni kwenye kigoda kuhakikisha, akiuliza kama bibi alisikia baridi, kama macho yalibaki vile vile alipozikwa au yalifumbwa, nani aliyafumba, kama mimi pia nitakufa na kama ni karibuni. Nilijibu kila moja. Niliyafumba mimi. Nitakufa. Sijui lini.

Mwisho akaenda dirishani akaleta kikombe cha bluu kwa mikono miwili. Nilikisugua, uji haukutoka.

"Hausuguliwi," akasema. "Unalowekwa kwanza. Bibi huwa analoweka."

Nikakitia maji ya moto. Binti yetu akaja, tukakaa sote watatu kusubiri ulainike, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.